Jinsi ya kutumia diklofenaki, ibuprofeni na aspirini bila kuumiza tumbo, figo na moyo

Kwenye dirisha la duka la dawa maswali ni yaleyale kila siku. "Diklo na Panadol naweza kumeza pamoja?" "Nimekunywa moja haijanisaidia, niongeze?" "Mgongo unaniuma kila siku, nikimeza kila siku kuna ubaya?" "Nina mimba ya miezi sita, nipe Brufen." Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kwa mtu mzima anayejinunulia dawa bila kuandikiwa na daktari. Watoto wana sehemu yao huko chini, maana hesabu yao ni nyingine.

Dawa zinazohusika ni za jamii moja: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, naproksini, indomethasini, piroksikamu na meloksikamu. Zote hutuliza maumivu, homa na uvimbe kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha. Ukizizuia gotini umezizuia na tumboni. Karibu kila onyo utakalosoma hapa linatokana na jambo hilo moja. Parasetamoli, yaani Panadol na wenzake, haimo kwenye jamii hii: haipunguzi uvimbe, lakini pia haichimbi vidonda tumboni.

Uwe na nini kabla ya kumeza

- Boksi au pakiti ya dawa, si vidonge vilivyomwagwa kwenye kikaratasi. Unahitaji kuona jina la dawa, miligramu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama duka linatoa kutoka kopo la vidonge 1000, mwombe mtoa dawa aandike jina na miligramu kwenye bahasha.
- Orodha ya dawa zote unazotumia sasa: za presha, kisukari, ARV, za moyo, pamoja na mitishamba.
- Chakula, hata kama ni uji au mkate, na glasi kamili ya maji.
- Saa au simu ya kukukumbusha muda.
- Mashine ya kupima presha, kama una presha au umevuka miaka 60. Ukikosa, pitia kituo cha afya upimwe kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lako linahitaji dawa hii

Dawa za jamii hii zinafaa zaidi palipo na uvimbe au mikazo: kifundo cha mguu kilichoteguka, jino, maumivu ya hedhi, mgongo uliokaza baada ya kubeba mzigo, goti lililovimba. Kwa kichwa cha kawaida au uchovu wa mwili, anza na parasetamoli.

Kwa homa, pima malaria kwanza. Ibuprofeni inaweza kushusha joto hadi ukajiona umepona, huku vimelea vinaendelea kuongezeka kwenye damu. Na kama kuna dengue mjini, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, usiguse diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini mpaka ijulikane homa hiyo ni ya nini. Dengue hupunguza chembe zinazogandisha damu, na dawa hizi huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumia parasetamoli na unywe maji mengi.

Hatua ya 2: Jikague kama wewe ni wa kukatazwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayolaza watu wodini. Usijinunulie dawa hizi kama:

- umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kutapika damu au kupata choo cheusi;
- una ugonjwa wa figo, moyo kushindwa kufanya kazi vizuri, au umewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Diklofenaki ndiyo ya kuogopwa zaidi hapa. Uingereza iliacha kuuza vidonge vyake bila cheti cha daktari mwaka 2015 kwa sababu ya hatari hiyo ya moyo;
- una pumu na umewahi kubanwa kifua, kuvimba midomo au kutokwa vipele baada ya aspirini au dawa yoyote ya jamii hii;
- una mimba. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na kuanzia miezi mitatu ya mwisho zinaweza kuziba mapema mshipa ambao moyo wa mtoto unauhitaji akiwa tumboni. Aspirini ya dozi ndogo iliyoandikwa kliniki kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba ni suala tofauti, usiiache bila kuambiwa. Anayenyonyesha anaweza kutumia ibuprofeni; kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana;
- unaharisha, unatapika au umepungukiwa maji kwa sababu yoyote.

Kisha angalia orodha yako ya dawa.

*Dawa za presha.* Kaptopri, enalapri na losatani, pamoja na dawa za kukojoza kama hidroklorothiazaidi na furosemaidi, hugombana na dawa hizi. Presha inapanda licha ya kumeza dawa zako. Hatari zaidi ni zinapokutana tatu: ya kundi la kaptopri au losatani, ya kukojoza, kisha ukaongeza diklofenaki. Figo hubaki bila njia ya kujihami na zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa kama unafanya kazi juani na hunywi maji.

*ARV zenye tenofovia.* Kidonge cha TLD, kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU kwetu, kina tenofovia, na tenofovia hupita kwenye figo. Kuichanganya na diklofenaki, hasa kwa dozi kubwa au siku nyingi, kumewahi kuua figo za watu ambao hawakuwa na tatizo hapo awali. Kama uko kwenye TLD, dawa yako ya kwanza ya maumivu ni parasetamoli. Ikishindwa, uliza CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) au kliniki yako kabla ya kununua kitu kingine. Ukiona aibu kumweleza mtoa dawa mbele ya foleni, omba mzungumze pembeni. Ni haki yako.

*Dawa za kuyeyusha damu kama wafarini, dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni, na dawa za sonona kama fluoksetini.* Kila moja huongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu.

*Aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo.* Ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake. Ukilazimika kumeza dozi moja ya ibuprofeni, meza aspirini kwanza, subiri angalau dakika 30. Kama unahitaji ibuprofeni kila siku, mwone daktari.

*Pombe.* Usichanganye. Asubuhi ya baada ya pombe ndiyo mbaya zaidi: tumbo limechubuka na mwili umekauka maji.

Hatua ya 3: Soma jina la ndani, usisome jina la mbele

Jina kubwa la boksi ni la biashara. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake, likifuatiwa na miligramu. Brufen ni ibuprofeni. Voltaren ni diklofenaki. Mtu mwenye Brufen mkononi na Voltaren mfukoni ana dawa mbili za jamii moja, na kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu; kunaongeza vidonda.

Diclopar ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa kuwa kidonge kimoja kina dawa mbili: diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500. Fanya hesabu. Mtu anameza Diclopar tatu kwa siku, hiyo ni miligramu 1500 za parasetamoli. Anaona haijamtosha, anaongeza Panadol mbilimbili mara nne, miligramu 4000 nyingine. Jumla ni 5500, wakati mwisho wa mtu mzima kwa siku ni 4000. Ini lake linaumia huku yeye akidhani kilichokuwa kinatazamwa ni tumbo. Dawa nyingi za mafua na za "kichwa" nazo zimechanganywa parasetamoli au aspirini, kwa hiyo soma kila boksi.

Usikubali kabisa kibahasha chenye vidonge vya rangi tofauti visivyo na majina, kile cha "meza vyote hivi mara moja mwili utaamka". Mara nyingi humo mna dawa mbili za jamii hii pamoja na prednisoloni au deksamethasoni. Nafuu yake ya haraka ndiyo inayomfanya mtu arudi kila wiki, na mchanganyiko huo ndio unaotoboa tumbo.

Hatua ya 4: Chagua moja, kwa dozi ndogo

Kwa mtu mzima asiye na katazo lolote la hatua ya 2:

- Ibuprofeni: miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, kila baada ya saa 8. Usizidishe miligramu 1200 kwa siku. Ukianza na dawa ya jamii hii, anza na hii.
- Diklofenaki: kidonge cha miligramu 50, mara mbili kwa siku. Miligramu 150 kwa siku ni kikomo cha anayesimamiwa na mtaalamu. Vipo vidonge vya miligramu 100 vinavyoyeyuka polepole. Hivyo ni kimoja tu kwa siku.
- Aspirini: miligramu 300 hadi 600, kila baada ya saa 6. Kwa maumivu ya kawaida haina faida ya kuizidi ibuprofeni, na tumbo hulalamika zaidi.
- Piroksikamu, indomethasini, meloksikamu: acha ziandikwe na daktari. Piroksikamu hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo ukipata madhara huwezi kuiondoa upesi.

Parasetamoli inaweza kwenda pamoja na ibuprofeni, au na diklofenaki tupu, kwa sababu ni jamii mbili tofauti. Jibu la swali la "diklo na Panadol" ni ndiyo, ila si kama hiyo "diklo" ni Diclopar.

Kwa maumivu ya hedhi, usisubiri yakukunje. Meza ibuprofeni 400 mara yanapoanza, na uendelee kila saa 8 kwa siku mbili au tatu. Prostaglandini ndizo zinazokaza mfuko wa uzazi, na ni rahisi kuzizuia mapema kuliko kuzituliza zikishajaa.

Hatua ya 5: Meza vizuri

Kula kwanza. Kaa wima au simama, meza na glasi kamili ya maji, usilale kwa nusu saa. Kidonge kilichomezwa na mate kinaweza kunasa kooni na kuchoma. Usisage wala usitafune diklofenaki yenye ganda. Ganda lile limewekwa ili kidonge kipite tumboni kabla ya kuyeyuka.

Chakula hupunguza kiungulia, basi. Hakizuii vidonda, kwa kuwa sehemu kubwa ya madhara huja kwa njia ya damu baada ya dawa kufyonzwa. Ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki inaweza kusababisha vidonda vya tumbo. Maziwa nayo si kinga.

Wakati wa mfungo, meza baada ya kula futari na baada ya daku. Usifungulie kinywa kwa kidonge. Lakini fikiria: saa kumi na tatu bila maji, kwenye joto la pwani, figo tayari zina kazi. Mwezi ule parasetamoli ni chaguo bora.

Hatua ya 6: Hesabu saa, usihesabu milo

Bahasha imeandikwa "1×3". Wengi husoma: asubuhi, mchana, jioni. Wanameza saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, vidonge vitatu ndani ya saa 11, kisha usiku wa manane maumivu yanawaamsha na wanaongeza cha nne. "1×3" maana yake ni kimoja kila baada ya saa 8: kwa mfano saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku na kitu kidogo cha kula.

Hatua ya 7: Panga siku ya kuacha kabla hujaanza

Homa: siku 3. Maumivu: siku 3 hadi 5, na isizidi 10 kwa namna yoyote. Andika tarehe kwenye boksi. Maumivu yakipungua kabla ya hapo, acha. Hii si antibayotiki, haina dozi ya kumaliza.

Wabeba mizigo, madereva wa bodaboda na wakulima wanaomeza diklofenaki kila jioni ili kesho waweze kwenda kazini ndio wanaostahili kusikilizwa kwa makini hapa. Maumivu yao ni ya kweli na kazi haisubiri. Lakini figo haziumi zinapoharibika, na mtu hugundua miguu ikishavimba. Kama umefika mwezi wa pili wa kumeza, nenda hospitali ukapimwe presha, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) na wingi wa damu, na uulize chanzo cha maumivu. Daktari akiona lazima uendelee, anaweza kukuandikia omeprazoli miligramu 20 ya kulinda tumbo, inayomezwa dakika 30 kabla ya kifungua kinywa. Omeprazoli hailindi figo wala moyo.

Sindano na jeli

Kuomba sindano ya diklofenaki kwa ajili ya mgongo au jino ni kosa la kawaida. Kwa mtu anayeweza kumeza, nafuu yake haizidi sana ya kidonge, na ikichomwa mahali pasipo sahihi pa tako inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu na kuacha mguu unaburuzika. Usichomwe dukani.

Jeli ya diklofenaki, kinyume chake, haitumiwi inavyostahili. Kwa goti, kiwiko au kifundo kilichoteguka, paka kiasi cha gramu 2 hadi 4 mara tatu au nne kwa siku, sugua taratibu, nawa mikono. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Usipake kwenye kidonda wala kufunga plastiki juu yake, na usimeze vidonge vya jamii hiyo wakati huohuo.

Watoto

Aspirini hapewi yeyote aliye chini ya miaka 16; inaweza kusababisha ugonjwa adimu unaoharibu ubongo na ini. Diklofenaki usimpe mtoto bila daktari. Ibuprofeni asipewe aliye chini ya miezi 3 au chini ya kilo 5, mwenye tetekuwanga, wala anayeharisha au kutapika.

Dozi hutokana na uzito, si umri: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Dawa nyingi za maji zina miligramu 100 katika mililita 5. Kwa hiyo mtoto wa kilo 12 hupewa mililita 3 hadi 6. Ikiwa chupa inasema miligramu 200 katika mililita 5, gawa kwa mbili. Tikisa chupa kila mara, la sivyo dozi za kwanza zitakuwa maji matupu na za mwisho zitakuwa kali mno. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Mambo yakienda kombo

*Saa moja imepita, bado inauma.* Ibuprofeni huchukua nusu saa hadi saa nzima. Diklofenaki yenye ganda inaweza kuchukua saa mbili, zaidi ukiwa umeshiba. Usiongeze kidonge cha jamii hiyo. Unaweza kuongeza parasetamoli gramu 1 kama hujaimeza ndani ya saa 6.

*Tumbo linawaka.* Acha dawa, hamia parasetamoli. Dawa ya kutuliza asidi inaficha kiungulia tu huku kidonda kikiendelea. Likiendelea kuwaka baada ya siku mbili tatu, kapime.

*Nimesahau dozi.* Meza ukikumbuka, kisha anza kuhesabu saa upya kuanzia hapo. Usimeze mbili kufidia.

*Kichwa kinauma kila nikiacha.* Kama unameza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo chanzo. Zile zenye mchanganyiko hufanya hivyo hata kwa siku 10. Ona daktari akusaidie kuacha.

*Miguu inavimba, mkojo umepungua, presha imepanda.* Acha leo, kapime figo kesho asubuhi.

*Choo cheusi.* Kama unatumia vidonge vya kuongeza damu, choo cheusi kigumu chenye kijani ni kawaida. Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, au matapishi yenye chembe za kahawia iliyokolea, ni damu. Hapo usisubiri kukuche. Nenda hospitali na boksi la dawa mkononi, usimeze chochote cha kutuliza tumbo njiani.

*Uso au midomo inavimba, kifua kinabana, malengelenge yanatokea mdomoni au kwenye ngozi, maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili unalegea.* Hospitali mara moja, hata kama ni baada ya kidonge cha kwanza. Ukishapona, andika jina la dawa hiyo kwenye daftari lako la kliniki na ulitaje kila unapotibiwa, kisha mwombe mtoa dawa au daktari apeleke taarifa ya madhara hayo TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au Pharmacy and Poisons Board kama uko Kenya.